Koni au Kigurudumu? Uzi wa Kushonea katika Somo la Kulinganisha Bei

Wakati wa mazoezi ya kufundisha, ni masomo machache ambayo walimu-wanafunzi huyakimbilia upesi kama somo la kulinganisha bei. Zana zake hupatikana dukani, hesabu zake ni fupi, na jibu lake, au hivyo tunavyodhani, ni moja tu: anayenunua kingi hupata nafuu kuliko anayenunua kidogo. Ubaoni huandikwa gunia la sukari na kilo ya sukari, dumu la mafuta ya taa na chupa moja, kisha mwalimu hugawanya, darasa huitikia, na kipindi hukamilika kabla ya kengele. Katika makala hii nimechagua kitu kidogo zaidi ya hivyo, yaani uzi wa kushonea, ili nionyeshe jinsi jibu hilo moja linavyoweza kuwa kosa, na jinsi mwalimu anavyoweza kumtahayarisha mbele ya wenzake mwanafunzi aliyejibu sawasawa. Nalisema hili kwa uhakika, maana mwalimu huyo nilipata kuwa mimi.

Nilikuwa nafundisha Hisabati Darasa la Tano, na papo hapo nilikuwa msimamizi wa chumba cha ushonaji cha shule. Siku hiyo nilileta darasani kigurudumu kidogo cha uzi na koni moja kubwa, tukapiga hesabu, na ikadhihirika kwamba uzi wa koni ulikuwa rahisi mara tatu na zaidi. Nikauliza, "Je, fundi mwenye busara atanunua upi?" Darasa zima likaitikia kwamba atanunua koni. Msichana mmoja wa dawati la nyuma akanyosha mkono akasema, "Mwalimu, mama hununua ule mdogo." Nikamjibu, bila hata kufikiri, "Basi mama yako anapata hasara kila siku." Wenzake wakacheka. Akaketi, na muhula ule wote sikumwona tena akinyosha mkono katika kipindi changu.

Wiki chache baadaye nilipeleka suruali kwa mama huyo, ambaye alishona barazani kwake. Baada ya shikamoo na marahaba nikamwuliza kuhusu uzi, nikijiona naenda kumpa somo. Hakukasirika. Akainama akavuta kopo la maziwa lililokuwa nyuma ya cherehani. Ndani yake mlikuwa na koni, nyeupe, na kando yake koni nyingine ya bluu. Akasema, "Hizi za nguo za shule, mwanangu. Januari hazikai." Kisha akafungua mtoto wa meza: mlikuwa na vigurudumu vidogo zaidi ya ishirini, kila kimoja na rangi yake. "Hizi za vitenge. Mteja akileta kitambaa hunipa na fedha ya uzi, nami nanunua rangi yake. Nikinunua koni kwa kila rangi, nyumba hii itakula nini?"

Kwa hiyo mama yule hakuwa amechagua kidogo kwa kutojua. Alikuwa amechagua mara mbili, koni kwa kazi hii na kigurudumu kwa kazi ile, na katika kila uchaguzi alikuwa na hesabu kamili kichwani. Hesabu yangu ya ubaoni ilikuwa nusu ya hesabu yake.

Hesabu ya ubaoni na nusu yake ya pili

Tuanze na nusu ile ya kwanza, kwa sababu nayo ni ya lazima, na ina mtego wake. Bei nitakazotumia ni za mfano tu. Wewe utapeleka darasani bei za dukani za wiki hiyo. Tuseme kigurudumu kidogo kina mita 100 na kinauzwa shilingi 400, na koni ina yadi 5,000 na inauzwa shilingi 5,500. Wanafunzi wengi, na walimu si haba, watagawanya 5,500 kwa 5,000 na kupata shilingi 1.10. Hapo wamelinganisha mita na yadi. Koni nyingi huandikwa kwa yadi, ilhali vigurudumu vingi huandikwa kwa mita. Yadi moja ni mita 0.9144, kwa hiyo koni ile ina mita 4,572. Ubaoni itaandikwa hivi:

Kigurudumu: sh. 400 ÷ mita 100 = sh. 4.00 kwa mita
Koni: sh. 5,500 ÷ mita 4,572 = sh. 1.20 kwa mita (takriban)

Acha wanafunzi waone wenyewe kwamba vipimo havilingani. Usiwatangulie. Mwanafunzi aliyegundua neno "yadi" katika karatasi iliyobandikwa kwenye koni atazikumbuka yadi maisha yake yote. Aliyeambiwa na mwalimu atazisahau kabla ya mtihani.

Walimu wengi huishia hapo. Lakini bei ya mita moja hujibu swali la mtu atakayetumia mita zote. Kwa mtu asiyejua kama atazitumia zote, swali ni jingine: ni mita ngapi nitakazotumia za rangi hii, kabla uzi haujaharibika au fedha hazijahitajika kwingine? Basi darasa litafute mahali pale ambapo koni inaanza kuwa nafuu. Vigurudumu 13 ni shilingi 5,200, pungufu ya bei ya koni. Vigurudumu 14 ni shilingi 5,600, zaidi ya bei ya koni. Maana yake, mtu atakayetumia mita 1,300 za rangi moja au pungufu yake hupata hasara akinunua koni. Na mtu anayehitaji kigurudumu cha kumi na nne hupata nafuu kwa koni hata kama uzi wote utakaosalia angeutupa. Hesabu hii ni ya kugawanya na kuzidisha tu, nayo imo ndani ya uwezo wa Darasa la Tano. Lakini mita 1,300 ni nguo ngapi? Hapo ndipo somo linapotoka kwenye ubao na kuingia kwenye kitambaa.

Kupima uzi ulio ndani ya mshono

Waulize wanafunzi: mshono wa sentimeta 10 hula sentimeta ngapi za uzi? Wengi watasema 10, wachache 20, kwa kuwa wanajua nyuzi ni mbili, mmoja wa juu na mwingine wa bobini. Andika majibu yote ubaoni bila kuyasahihisha. Kisha fanya jaribio.

Tia uzi wa bluu juu na uzi mweupe kwenye bobini. Shona mshono wa kunyooka juu ya kitambaa kilichokunjwa mara mbili, kisha kata kitambaa pamoja na nyuzi zake ili kibaki kipande chenye mshono wa sentimeta 10 kamili. Wanafunzi wafumue taratibu kwa sindano, wasivute kwa nguvu, wanyooshe kila uzi juu ya rula na kupima. Kila uzi utazidi sentimeta 10, kwa kuwa hauendi moja kwa moja; hupanda na kushuka, na kujifunga na mwenzake katikati ya unene wa kitambaa. Ukijumlisha nyuzi mbili utapata kiasi cha sentimeta 25. Kwa kanuni ya mafundi, mshono wa kunyooka wa cherehani hula uzi mara mbili na nusu ya urefu wake. Vikundi vyako havitapata namba moja: kitambaa kizito hula zaidi, na hatua fupi za sindano hula zaidi ya hatua ndefu. Tofauti hizo usizione kuwa makosa. Ziulizie sababu zake, nawe utakuwa umefundisha Sayansi bila kutaja jina lake.

Ikiwa shule haina cherehani, mwombe fundi wa jirani akushonee vipande vichache. Nami nakuonya jambo moja: usijaribu kuhakikisha mita 100 za kigurudumu kwa kukifungua chote. Mwalimu-mwanafunzi mmoja niliyemsimamia alifanya hivyo uwanjani siku ya upepo, na sehemu iliyosalia ya kipindi tuliitumia kuutoa uzi kwenye mwembe.

Sasa chukua nguo halisi, kwa mfano gauni la mtoto, mpe kila mwanafunzi sehemu ya mshono aipime kwa utepe wa fundi, na jumlisheni. Tuseme mmepata mita 8. Zidisha kwa mbili na nusu: gauni moja hula mita 20. Kigurudumu kimoja hutosha magauni 5. Mita 1,300 hutosha magauni 65. Sasa mambo ni wazi. Fundi anayeshona mashati meupe ya shule matatu kwa siku, tukichukulia kuwa shati hula uzi sawa na gauni, atafikia nguo 65 katika siku 22, na koni yake ni nafuu kabisa. Lakini ikiwa kwa mwezi huletewa magauni mawili ya kijani, atahitaji zaidi ya miaka miwili na nusu kabla koni ya kijani haijaanza kumlipa. Mama yule wa barazani alikuwa amelijua hilo bila chaki.

Kadhalika lipo swali la fedha taslimu. Rangi sita kwa vigurudumu ni shilingi 2,400. Rangi sita kwa koni ni shilingi 33,000. Mwenye shilingi 3,000 mkononi hachagui kati ya rahisi na ghali. Anachagua kati ya kufanya kazi leo na kutoifanya. Wanafunzi wetu wengi huishi katika nyumba ambamo chumvi, mafuta na sabuni hununuliwa kwa vipimo vidogo, nao wanajua sababu yake vizuri kuliko vitabu vyetu. Tukiwafundisha kwamba kununua kidogo ni ujinga tu, tunawafundisha kuwadharau wazazi wao, na Hisabati yenyewe haikusema hivyo.

Umbo la uzi na jinsi unavyotoka

Vitu hivi viwili havitofautiani kwa ukubwa pekee. Uzi wa kigurudumu ulikuzwa na mahitaji ya mshonaji wa nyumbani. Mwanzoni mwa karne ya 19, vita vya Napoleon vilipoifanya hariri iwe adimu, ukoo wa Clark wa Paisley, Uskoti, ulianza kutengeneza uzi wa pamba wa kushonea. Baadaye ukauzwa ukiwa umeviringishwa kwenye kigurudumu cha mti, na mnunuzi alilipa nusu peni ya amana aliyorudishiwa aliporudisha kigurudumu kitupu. Koni ni ya kiwandani. Cherehani za kiwandani huweza kufikia hatua 5,000 za sindano kwa dakika, na kusimama kila mara kubadili kigurudumu ni kupoteza kazi.

Tofauti hiyo ya asili huonekana katika uviringishaji. Katika vigurudumu vingi vidogo uzi umelala sambamba, nao hutoka ubavuni huku kigurudumu chenyewe kikizunguka juu ya kijiti chake. Katika koni uzi umepita kwa kukatizana, nao umekusudiwa kutoka kwa juu, koni ikiwa imesimama tuli. Mtu akiichomeka koni juu ya kijiti cha cherehani ya nyumbani na kuuvuta uzi kwa ubavu, koni nzito haizunguki upesi, uzi unakazwa, mshono unakunjamana, na mwishowe uzi unakatika au sindano inapinda. Fundi mchanga husema koni ni mbovu. Koni haina kosa.

Kopo la maziwa la mama yule lilikuwa dawa yake. Koni husimama ndani ya kopo nyuma ya cherehani, na uzi hupandishwa juu hadi kwenye kitundu cha waya kabla ya kuingia mahali pake pa kawaida. Jambo la kuangalia ni kwamba kitundu hicho kiwe sawasawa juu ya ncha ya koni, wala si pembeni, ili uzi utoke bila kugusa ukingo. Wanafunzi wa Darasa la Sita wanaweza kutengeneza kishikio kama hicho katika Kazi za Mikono: kibao cha kukalia, kijiti cha kusimamishia koni, na waya uliopindwa kichwani. Ni kazi ya vipindi viwili, na shule yenye cherehani tatu itavihitaji vitatu.

Cherehani ya kupinda kingo za kitambaa, ile mafundi wanayoiita ovaloki, ni habari nyingine. Yenye nyuzi tatu hula kiasi cha mara 14 ya urefu wa mshono. Mita 6 za kupinda hula mita 84, karibu kigurudumu kizima kwa nguo moja, na nyuzi tatu hutoka kwa pamoja. Hapo hakuna mjadala, ni koni.

Kabla ya kununua, soma karatasi yake. Utakuta namba kama 40/2 au 20/2. Namba ya pili ni idadi ya nyuzi zilizosokotwa pamoja. Ya kwanza ni kipimo cha wembamba wa kila mmoja, na kadiri inavyokuwa kubwa ndivyo uzi unavyokuwa mwembamba. Hivyo 40/2 ni mwembamba kuliko 20/2. Wanafunzi watashangaa, maana sindano huenda kinyume: sindano namba 16 ni nene kuliko namba 14. Waache washangae kidogo, kisha wagusishe nyuzi zenyewe kwa vidole. Koni nyingine zina uzi mwembamba uliokusudiwa kupinda kingo tu; ukishonea nao makalio ya kaptura ya mtoto wa Darasa la Pili, haitamaliza mwezi.

Kuliongoza jadiliano

Rudi sasa kwenye swali la mwanzo, lakini usiliulize kama nilivyouliza mimi. "Fundi mwenye busara atanunua upi?" ni swali lenye jibu lililofichwa ndani yake, na mtoto hulisikia jibu hilo katika sauti ya mwalimu. Wape vikundi mafundi watatu: mmoja ana oda ya sare za shule, wa pili hushona vitenge vya kila rangi barazani, wa tatu ni shule yenyewe, inayofundisha ushonaji kwa vitambaa vya masalio. Kila kikundi kiseme kitanunua nini, kwa rangi ipi, na kwa nini.

Fundi wa tatu ndiye mgumu, nami namjua. Mwaka ule ule wa somo langu nilikuwa nimeishauri kamati ya shule inunue koni sita za rangi sita, na hesabu yangu ya bei ya mita ilikubaliwa bila swali. Nyeupe na ya bluu zilikwisha. Zile nne, kijani, njano, waridi na kahawia, zilikaa kwenye rafu kando ya dirisha. Baada ya miaka miwili zilikuwa zimepauka upande wa jua, zimejaa vumbi, na uzi ukikatika kila baada ya hatua chache za sindano. Fedha zile zingetosha vigurudumu vya kila rangi tuliyoihitaji, na zingebaki za sindano na mafuta ya cherehani, vitu ambavyo tulivikosa muhula mzima. Anayenunua koni hana budi kuifunika na kuiweka mbali na jua na unyevu. Sisi hatukufanya hivyo, na hata tungefanya, koni ya waridi ingetungoja mpaka leo.

Usifunge jadiliano kwa kutangaza mshindi. Mwanafunzi akisema "kwetu hununua kidogo", mwulize kwa nini, na umngoje. Huenda akajibu kwa sababu usiyoitazamia: mteja ndiye alipaye uzi, duka la koni liko mjini na nauli inazidi nafuu, koni huazimwa na majirani isirudi. Kila sababu iandikwe ubaoni pamoja na hesabu. Nauli, kwa mfano, iongezwe kwenye bei ya koni na hesabu irudiwe: kwa nauli ya shilingi 1,000, mahali pa nafuu huhama kutoka kigurudumu cha 14 hadi cha 17. Wanafunzi wenyewe watafurahi kulihamisha huku na huku.

Katika kusahihisha daftari, toa alama kwa hesabu na alama kwa sababu, kila moja peke yake. Mwanafunzi aliyechagua kigurudumu kwa sababu sahihi asipate pungufu ya aliyechagua koni. Na aliyechagua koni kwa kuwa "ni kubwa" asipewe alama ya sababu, hata kama hesabu zake zimenyooka kama rula.

Kuhusu msichana yule, niliporudi kutoka barazani kwa mama yake nilisimama mbele ya darasa nikasema kwamba nilikosea, nikaeleza nilichoonyeshwa kwenye kopo na kwenye mtoto wa meza. Hakunyosha mkono siku ile. Alinyosha wiki ya pili, katika somo la sehemu, na jibu lake halikuwa sahihi, tukalisahihisha pamoja.

Kwa zana za somo hili utahitaji kigurudumu kimoja, vipande vya kitambaa, rula na sindano za kufumulia. Koni usiinunue. Iazime kwa fundi asubuhi, uirudishe kabla ya saa nane.